Tulivyolitoa Ukali Gitaa la Kwaya

Nilianza kupiga gitaa la umeme kanisani kwetu Buzebazeba, mjini kando ya ziwa, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. Mpigaji wetu alipata kazi Dar es Salaam, akapanda treni siku ya Alhamisi, na Jumapili yake kwaya ikabaki ikitazama gitaa lililolala juu ya spika. Mimi nilikuwa fundi cherehani, msichana wa miaka ishirini na miwili, na gitaa pekee nililolijua ni lile kavu alilonifundisha marehemu baba barazani kwetu. Mwalimu wa kwaya akanitazama, nikaitazama sakafu, ikawa imeamuliwa.

Lile gitaa lilikuwa jekundu, jembamba, zuri kwa macho. Sauti yake ndiyo ilikuwa balaa. Kila nilipogusa uzi, sauti ilitoka kali kama kisu, ikapanda kwenye bati la paa na kurudi kututoboa masikio. Mama yangu, ambaye alikuwa akiuza dagaa ufukweni Kibirizi na hakuwa na desturi ya kupamba maneno, alinisikiliza Jumapili ya kwanza, na tulipofika nyumbani akasema, "Mwanangu, ni kama mtu anakwangua sufuria lililoungua."

Baada ya wiki tatu mzee wa kanisa aliniita nje. Alikuwa mtu mpole, jambo lililofanya maneno yake yaniume zaidi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Sikia. Sina ugomvi na wewe. Lakini watu wanaziba masikio. Juzi bibi mmoja alitoka nje katikati ya wimbo. Tusubiri sikukuu ya mavuno. Kama hali itakuwa hii hii, tutaliweka stoo na kurudi kwenye ngoma na kayamba."

Sikukuu ilikuwa imebaki siku kumi na tano. Nilijua pia kilichosemwa pembeni, kwamba chombo kile kilikuwa hakina tatizo mpaka alipokishika mwanamke. Haikuwa kweli. Kilikuwa kikali tangu zamani, ila yule mwenzetu aliyeondoka alikuwa akipiga kwa nguvu na kuchekacheka, na watu walimsamehe.

Miaka ile mji wetu ulijaa wakimbizi. Walishuka kwa maboti kutoka Burundi na kutoka ng'ambo ya ziwa, wakapelekwa makambini, na waliokuwa na wagonjwa wakaruhusiwa kuja mjini kwa kibali. Mmoja wao alianza kukaa benchi la nyuma saa za mazoezi yetu ya alasiri. Alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, amevaa koti lililomzidi mabega, na kila siku alikuwa na chupa ya chai mkononi. Baadhi ya wanakwaya walisogeza mikoba yao karibu. Siku ya tatu, mazoezi yalipokwisha, alinifuata.

"Mwaramutse, dada," alisema, kisha akacheka kidogo kwa kuwa jua lilikuwa tayari linaelekea kuzama na ile ni salamu ya asubuhi. Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura, chenye Kirundi ndani yake, na mimi kwa Kiha changu, kinachokaribiana na Kirundi, sikupoteza neno. "Naomba ruhusa nikwambie jambo. Gitaa hilo halina kosa. Linaombwa vibaya."

Nilimuuliza alijuaje. Akaniambia kwamba kwao alikuwa akipiga kwenye bendi ya hoteli, miaka kumi na minne. Mke wake alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa, amefanyiwa upasuaji wa tumbo, naye alikuwa anasubiri apone ili warudi kambini. Nikamnyooshea gitaa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana. Shika wewe. Mimi nitasema."

Basi akasema, na mimi nikafanya. Kwanza aliniuliza kwa nini vitufe vyote vya kurekebishia sauti nilikuwa nimevifungua mpaka mwisho. Nikamjibu kwamba nilidhani kupunguza ni kupoteza. "Buhoro," akasema, yaani polepole. "Punguza kile cha chini. Bado. Bado. Hapo." Kwenye amplifaya alinitaka nishushe trebo, ile sauti nyembamba ya juu, karibu nusu na nipandishe sauti ya kati. Ukali ukapungua kidogo, kama mtu aliyekuwa akipiga kelele sasa anaongea tu kwa hasira.

Kisha akainama na kutazama chini ya nyuzi. Palikuwa na swichi ndogo iliyozungushiwa plasta nyeusi. Nilikuwa nimeikuta hivyo na sikuwahi kuiuliza.

"Nani aliifunga hii?"

"Aliyenitangulia. Nadhani hakutaka itikisike."

"Ifungue."

Plasta ilikuwa imeganda kwa jasho na vumbi, nikaibandua kwa kucha. Chini ya nyuzi palikuwa na sumaku mbili za kunasa sauti, moja karibu na shingo ya gitaa na nyingine huku nyuma, na miaka yote ile tulikuwa tunatumia hii ya nyuma, yenye sauti nyembamba kuliko zote. Nilisukuma swichi, nikagusa uzi. Wale wanakwaya waliokuwa wanafunga madaftari yao wakageuka. Sauti ilikuwa nene. Haikuwa tamu bado, lakini ilikuwa na mwili.

Siku zilizofuata alinifundisha mkono. Aliniambia nikiweke mfukoni kile kipande cha plastiki nilichokuwa nikipigia, nitumie nyama ya kidole gumba, na nisogeze mkono kutoka nyuma, mahali nyuzi zinapokuwa ngumu, mpaka karibu na shingo ya gitaa, zinapolegea. Nilipoanza kukosea kwa sababu ya papara alisubiri mpaka nikachoka na papara yangu mwenyewe. Nikipata sawa alisema neno moja, "Ego," ndiyo, na neno hilo nililitamani kuliko sifa za kanisa zima.

Kilichobaki kilikuwa spika. Tulikuwa tukipigia kwenye spika ya honi iliyotundikwa ukutani, nzuri kwa matangazo na mahubiri. Stoo palikuwa na spika kubwa ya boksi la mbao, imeachwa kwa sababu karatasi yake ya ndani ilichanika. Yeye alikuna kichwa. Hapo nikamwambia kwamba mimi ni fundi cherehani na mambo ya kuchanika ndiyo kazi yangu. Nilikata kipande cha bitana nyepesi kabisa, nikakilainisha kwa gundi, nikakibandika juu ya mpasuko bila mkunjo hata mmoja, nikaacha kikauke mpaka kesho yake. Alipopitisha kidole juu ya kiraka alitikisa kichwa kwa kustaajabu. "Hili mimi singeliweza," akasema.

Siku hiyo nilimpelekea mke wake ugali na samaki wa migebuka hospitali. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ameanza kukaa mwenyewe kitandani. Aliniuliza swali moja tu.

"Amelishika gitaa?"

"Hapana. Ananielekeza kwa maneno."

Akaniambia polepole. Usiku waliovuka, boti lilikuwa limezidiwa na maji yakaanza kuingia. Watu waliambiwa watupe mizigo. Mume wake alilibusu gitaa lake, akalishusha ziwani kwa mikono yake mwenyewe, na pale lilipokuwa limekaa wakamlaza mtoto wa watu wasiowajua. Tangu siku hiyo hakuwahi kushika jingine.

Sikumwambia yule baba kwamba nimejua. Lakini Ijumaa, daktari alipokwisha kumruhusu mke wake na kibali chao kikiwa kimebakiza siku moja, alikuja naye kutuaga. Nilikuwa nimemaliza kupiga, spika ya mbao ikitoa sauti laini iliyojaa, na nikaliweka gitaa kwenye kiti, katikati yetu, nikaenda kuchota maji. Nilikawia makusudi. Nikiwa bombani nilisikia uzi mmoja, kisha mwingine, kisha wimbo mzima usio wa kanisa, wa kuchezeka, wenye raha. Niliporudi mlangoni alikuwa amefumba macho na machozi yamefika kwenye ndevu, lakini anatabasamu. Mke wake alikuwa amesimama ameegemea ukuta, anapiga makofi kwa vidole viwili ili asijiumize kidonda.

Waliondoka Jumamosi na gari la kambini. Jumapili ya mavuno nikawa peke yangu.

Kanisa lilijaa mahindi, mikungu ya ndizi, mafuta ya mawese na kuku waliofungwa miguu. Nilishusha trebo, nikasukuma swichi, nikaweka kidole gumba karibu na shingo. Mwalimu wa kwaya akanyanyua mkono.

Sauti ilitoka, ikaenea chini, kati ya miguu ya watu na mizigo yao, ikazibeba sauti za kina mama kwanza halafu za wanaume. Hakuna aliyeziba masikio. Ubeti wa pili, watu waliokuwa wamekaa nje kwa kukosa nafasi walisogea madirishani. Ubeti wa tatu, vigelegele vilianzia upande wa akina mama wa Kibirizi na sikuweza kujizuia, nikaanza kucheza huku napiga. Wimbo ulipokwisha mzee wa kanisa akasimama kutoka benchi la mbele. Nilijiandaa.

"Rudieni," akasema.

Tukarudia. Akasema turudie tena, na mara ya tatu alikuwa yeye mwenyewe katikati ya njia, koti limefunguka vifungo, anacheza na yule bibi aliyewahi kutoka nje. Mahubiri siku hiyo yalichelewa sana na mchungaji hakulalamika.

Tulipokuwa tunarudi, mama alinishika mkono kama ninapelekwa shule siku ya kwanza. Kila tuliyekutana naye njiani, anayemjua na asiyemjua, alimsimamisha. "Mmesikia gitaa leo?" aliwauliza. "Mpigaji ni huyu. Ni wangu." Na mimi, mtu mzima mwenye cherehani yangu, nilisimama pale juani kila mara mpaka amalize.