Waridi Lililolala

Mwaka niliojifunza kuinua maua kwa kompyuta, macho ya mama yalikuwa yanazimika. Naanza na hilo ili mtu asije akanihurumia. Nilikuwa na macho mawili mazima, nilikuwa nalipwa kwa kuyatumia, na sikuona.

Bibi yetu wa Endarasha, mama yake mama, alikufa kipofu. Mama alipofika darasa la sita alitolewa shule akawe macho yake. Walitembea wakishikilia fimbo moja, mtoto mbele, mzazi nyuma, miaka kumi na kitu. Daktari wa macho alishatuambia kwamba ugonjwa uliompofusha bibi hurithiwa, hauumi, na huanza kwa kula uoni wa pembeni. Ukiwahiwa mapema, dawa ya matone huushikilia. Ukichelewa, kilichokwenda hakirudi. Mama alipimwa mara moja, akaambiwa yuko sawa, lakini arudi kila mwaka. Kila mwaka alikuwa na sababu. Atakwenda akimaliza kupalilia. Atakwenda baridi ya Julai ikipungua.

Mimi nilikuwa fundi wa kutarizi mjini Nyeri, kwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Tulishona nembo za sweta za shule. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na mwenye kazi alikuwa ameleta mashine inayoongozwa na kompyuta. Uliuchora mchoro kwenye skrini, ukauweka kwenye diski, ukaitia diski kwenye mashine, na sindano ikaanza kupiga yenyewe. Nilijiona nimefika.

Kuna njia mbili za kulifanya ua lisimame. Ya kwanza ni sponji. Unailaza juu ya kitambaa, unaiambia kompyuta isonganishe mishono, sindano inaikata kingoni, unang'oa inayobaki nje, na ua linatuna. Ya pili ndiyo iliyonilevya. Unalichora jani la ua kwa rangi tano, kutoka wekundu wa kukaribia weusi hadi waridi hafifu, kisha unageuza mwelekeo wa mishono ili mwanga uangukie kila mahali kivyake. Kitambaa kinabaki bapa kama kimepigwa pasi, lakini jicho litaapa kwamba jani limejikunja. Ni uongo mtupu, na niliupenda.

Mama hakupenda. Miaka thelathini alikuwa ametarizi vitambaa vya makochi kwa mkono, na hakukuwa na sebule ya maana mtaani kwetu Ruring'u isiyokuwa na kazi yake. Kabla ya kushona ua, alitandika kwanza nyuzi chini yake, kisha akazifunika. Kazi ya mtu yeyote aliipima kwa vidole, mbele halafu nyuma, ahesabu mafundo.

"Maua ya hiyo mashine yako ni chapati zimekanyagwa," aliniambia.

Kwa hiyo alipoanza kupapasa kila kitu, nilisema ni ufundi. Alipapasa sindano, kikombe, ukuta. Chai ikafurika hadi kwenye sahani. Bega likagonga mwimo wa mlango aliopitia tangu aolewe. Siku moja nilikuta ameshona majani kwa uzi wa zambarau, nikacheka hadi nikakaa chini. "Kwani hujawahi kuona majani yakikauka?" akanijibu, na mimi mjinga nikaona ni utani.

Asubuhi moja nilimkuta uani ameelekea mlima. "Ukungu wa leo ni mbaya," akasema. "Mlima haionekani kabisa." Niligeuka. Mlima ulikuwa wazi, theluji inang'aa, hata wingu moja hakuna. Lakini nilikuwa nimechelewa kazini. Nikajiambia hajageuza shingo vizuri, nikaenda.

Kisha ikafika zamu yetu ya kikundi. Kina mama walitembeleana kila mwezi, na siku hiyo mwenye nyumba hutandaza vitambaa vipya. Wageni huvikagua kabla hata ya chai, na ole wako ukitandaza vya zamani. Mama hakuwa amemaliza hata kimoja. Nikajitolea kushona seti nzima kwa njia yangu ya rangi tano. Nilikuwa na kiburi, acha niseme tu. Nilitaka anikubali mbele ya watu.

Wakaingia, wakaomba, wakaketi. Jirani yetu, rafiki wa mama tangu ujana, alikitazama kitambaa cha meza akashika mdomo. "Ai! Hii waridi mtu si anaweza kuichuma!" Wenzake wakaitikia, wakisema limesimama, limesimama kabisa. Nikavimba kichwa.

"Haya, mama," nikasema. "Sema na wewe."

Akainama, akapitisha vidole. Akazunguka ua lote. Akageuza kitambaa, akapapasa nyuma, akakirudisha. "Hii maua imelala," akasema. "Imelala kama maiti. Na mbona umeshona yote na rangi moja?"

Jirani akaacha kukitazama kitambaa, akamtazama mama machoni. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bado na hasira.

"Rangi tano, mama! Angalia basi!"

"Si ndio naangalia," akasema. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani.

Kesho yake nilimpeleka hospitalini, na daktari akatuambia jicho la kushoto limekwenda zamani. La kulia lilikuwa limebakiwa na upenyo mdogo, na huo ndio matone yangejaribu kuushikilia. Nilimfokea mama njia nzima ya kurudi nyumbani, Mungu anisamehe, nikiuliza kwa nini alinificha. Alinisikiliza hadi nikachoka.

"Ungeacha kazi ushike fimbo," akasema. "Mimi niliacha shule."

Wiki iliyofuata nilishona waridi jingine. Niliweka sponji mara mbili, nikaisonganisha mishono mpaka sindano ikavunjika, nikaweka nyingine. Sikuhangaika na vivuli. Nikamwekea mapajani. Vidole vilipanda jani la kwanza, vikashuka, vikapanda la pili.

"Hii imesimama," akasema. Akageuza kitambaa, akapapasa nyuma. "Iko na rangi ngapi?"

"Moja, mama."

"Si nilikuambia," akasema, akaendelea kulipapasa.