Kibo Upande wa Kulia

Karatasi ya daftari ikipigwa pasi ya mkaa hutoa harufu ambayo siwezi kuichanganya na nyingine. Haijaungua, ila iko karibu kuungua. Ndani yake kuna moshi kidogo, wino kidogo, na unyevu wa kitenge kilicholowekwa usiku kucha ili kitoe wanga wa dukani. Harufu hiyo niliijua likizo ya mwezi wa sita nikiwa darasa la tano, barazani kwa shangazi Yulita, kule kwetu Uru. Mwezi wa sita kwetu ni baridi. Mawingu hushuka mpaka kwenye migomba, kahawa huanza kuiva moja moja, na watu hutembea wamejifunga mashuka mpaka jua likumbuke kutoka. Mlima wenyewe hauonekani isipokuwa alfajiri, tena kwa muda mfupi, halafu unajifunika. Watoto wenzangu walikuwa jikoni kwao wakiota moto na kuchoma ndizi. Mimi nilikuwa barazani nimeshika mkasi, naogopa kukata.

Nilikuwa pale kwa sababu dada yangu Felista alikuwa anaolewa. Baba yetu alikuwa akipandisha wageni mlimani, akiondoka hatumwoni kwa siku nyingi, na mama alikuwa akishuka na ndizi kwenda soko la Moshi kabla sijaamka. Kwa hiyo aliyeninyoa nywele, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, aliyenichapa nilipostahili na mara chache nisipostahili, alikuwa Felista. Sasa alikuwa amepata mchumba, kijana mpole aitwaye Protasi, mtu wa Tarakea, kule Rombo, upande wa pili wa mlima. Leo mtu akisema Tarakea hakuna anayeshtuka. Wakati ule barabara ilikuwa ya vumbi, gari lilizunguka mlima kutwa nzima, na mtu alifika nywele zimegeuka rangi. Nilimsikia jirani mmoja akimwambia mama huku wanamenya ndizi, "Binti akishavuka ng'ambo ile, huyo ni wa kwao. Atakuja Krismasi kama mgeni." Mama alicheka tu. Mimi sikucheka. Maneno yale yalinikaa kifuani kama kipande cha kiazi kisichotaka kushuka, na hapo ndipo nilipoamua kwamba dada hataondoka hivi hivi. Nitamshonea blanketi la viraka, na katikati yake nitaweka mlima kama unavyoonekana uwanjani kwetu, ili kila akiamka huko kwa watu aone kwao na asisahau yeye ni wa nani.

Shangazi Yulita, dada yake baba, alikuwa fundi cherehani, na ujanani aliwahi kufanya kazi kwa masista, ambako sista mmoja mzee alimfundisha kushona viraka juu ya karatasi. Kazi yenyewe ni hivi. Unachora picha kwenye karatasi nyepesi kwa mistari iliyonyooka, kisha unaipa kila sehemu namba. Kitambaa cha kwanza unakilaza upande wa karatasi usiochorwa. Cha pili unakilaza juu yake, uso kwa uso, halafu unageuza karatasi na kupitisha cherehani juu ya mstari uliouchora. Ukimaliza unakifunua, unakipiga pasi, unapunguza kilichozidi, unakwenda namba inayofuata. Mshono unatakiwa uwe mdogo mdogo, umesongamana, ili mwishoni karatasi ichanike yenyewe kama tiketi. Ukizoea, hata mtoto anaweza kushona ncha kali ambayo fundi wa miaka mingi hataiweza kwa mkono mtupu. Usipozoea, unashona kinyumenyume, unafunua kitambaa, na kumbe umeonyesha upande wa ndani.

Mimi sikuzoea haraka. Nilikuwa mwoga wa mkasi tangu nizaliwe, na nilikuwa na msemo wangu wa kujitetea, kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Shangazi alikuwa akinitazama nikipima, nikiondoa mkasi, nikipima tena, mpaka anashindwa kuvumilia, anamaka kwa Kichaga. "Mae! Hicho kitambaa hakina damu, kata!" Wateja waliokuja kuchukua sketi za shule wakaanza kunitania kwamba bibi harusi atapata wajukuu blanketi bado linapimwa. Nilikata hivyo hivyo. Mabaki ya vitenge yalijaa kwenye gunia chini ya meza, haba na haba hujaza kibaba, na kwa hayo nilijifunza nyota, kisha msalaba, kisha nyumba yenye paa la pembe tatu. Nyota zilikuwa nzuri kiasi kwamba shangazi alizitundika mlangoni. Nikaanza kujiona fundi.

Vipande vilipofika vya kuzunguka blanketi zima, ikabaki sehemu ya katikati, na siku hizo hizo shangazi akaitwa Kibosho kwenye msiba. Aliniachia ufunguo wa baraza, akaniambia nisubiri arudi ndipo tuchore mlima. Nikasubiri siku ya kwanza. Siku ya pili nikawaza harusi inakuja, na huo mlima naujua mimi kuliko yeye. Kila alfajiri nikawa nakaa kwenye ngazi za nyumba yetu, nimejifunga shuka la dada, naangalia mlima kabla haujajifunika. Mtoto wa Uru hahitaji kufundishwa kwamba kati ya vilele viwili Kibo iko kushoto, pana na nyeupe kichwani, na Mawenzi iko kulia, nyeusi, imechongoka kama meno. Hata hivyo nilihakikisha. Nilichora, nikainua karatasi mbele ya macho, nikalinganisha, nikafuta, nikachora tena. Sijawahi kuwa mwangalifu vile katika mtihani wowote.

Kitambaa cha theluji ndicho kilichonitoa jasho. Gunia la shangazi halikuwa na cheupe hata kimoja kisichokuwa na doa. Felista, aliyekuwa akijua kwamba nashona kitu chake na kujifanya hajui, alifungua sanduku lake akanipa gauni lake la komunyo ya kwanza. "Kata," akasema, "mimi silivai tena." Nilikaa na gauni lile mapajani kwa muda mrefu. Halafu nikakata, na kwa mara ya kwanza sikupima mara mbili, kwa sababu nilijua hasa ninachokitaka. Mawenzi nikaitoa kwenye bitana ya koti bovu la baba. Nilishona Kibo peke yake kwenye karatasi yake, Mawenzi peke yake kwenye yake, kila mara nikifuata mchoro. Kisha nikaziunganisha zote, karatasi zikiwa juu, Kibo kushoto, Mawenzi kulia, nikapiga mshono wa mwisho, nikanyoosha mgongo, nikaigeuza kazi yangu.

Kibo ilikuwa kulia.

Niliirudisha, nikaigeuza tena, nikidhani nimeshika vibaya. Nikaipindua juu chini, ikawa mbaya zaidi. Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea, ingawa sasa naona ni jambo dogo kabisa. Ukishona ukiwa nyuma ya karatasi, picha inatoka mbele ikiwa imegeuka, na anayejua huichora kwanza kinyume kwa kuibandika kwenye kioo cha dirisha na kuifuatisha kwa nyuma. Shangazi hakuwahi kuniambia kwa sababu haikuwahi kuwa na haja: nyota ukiigeuza ni nyota, msalaba ni msalaba, na nyumba yetu ile ilikuwa na mlango katikati. Kuuliza si ujinga, lakini nani angejua kwamba kuna cha kuuliza?

Shangazi aliporudi kutoka msibani alinikuta nimekaa chini ya meza ya kukatia, macho yamevimba. Alitazama blanketi, akaanza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. "Sikukwambia," akasema. "Kosa hili ni langu, si lako." Nikamwomba tufumue. Akanionyesha mshono, ulivyosongamana, na ile nyeupe iliyokatwa vipande vyembamba. Kuufumua ni kukichana kitambaa, na gauni jingine la komunyo hakuna. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikapata wazo jingine: tusiweke bitana, kwa sababu kwa nyuma mlima ulikuwa sawasawa, Kibo kushoto, ila tu na pindo na nyuzi zinazoning'inia. Shangazi alitingisha kichwa. "Mgongo wa nguo hauonyeshwi wakwe, mwanangu." Bitana ikawekwa. Nikaona upande wa kwetu ukifunikwa, mshono baada ya mshono, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kitambaa kisiteleze.

Siku ya kumuaga Felista uwanja ulijaa watu, pombe ya mbege ikazunguka, na wageni wa Tarakea wakaketi mstari wa mbele na vumbi lao la safari. Ilipofika zamu ya ndugu wa bibi harusi kutoa zawadi, nilipeleka blanketi limekunjwa, nikitumaini litabaki limekunjwa. Msema chochote, yule mwendesha sherehe, akalikunjua. Mama yake Protasi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mbuzi bondeni, akasimama, akalisogelea, akatia kidole pale kwenye Mawenzi. "Jamani, njooni muone! Mawenzi kushoto, Kibo kulia. Huu ni mlima wa kwetu! Ukisimama mlangoni kwangu ndivyo unavyoona hivi hivi. Huyu mtoto amefika Tarakea lini?" Wakwe wote wakainuka. Vigelegele vikapigwa, mzee mmoja akasema kumbe watu wa Uru wana adabu namna hii, wamemtuma binti akiwa na picha ya uwanja wake mpya ili asipotee njia. Mama yangu alitabasamu kama mtu aliyepanga jambo hilo. Niliwekewa noti kifuani, nikabebwa juu juu.

Nilichukia. Sijui neno jingine la kusema. Kila mtu alikuwa akinishukuru kwa kitu ambacho sikukifanya, na kitu nilichokifanya kilikuwa kimelala chini ya bitana, hakuna atakayekiona. Niliona nimemtoa dada yangu kwa mikono yangu mwenyewe, nimemkabidhi kwa watu, tena kwa gauni lake. Niliposhushwa nikakimbilia migombani nyuma ya zizi. Felista alinifuata huko na shela lake, akiliinua lisiguse samadi. Hakuniuliza ninalia nini. Alisema, "Nilikuwa nakuona pale kwenye ngazi kila alfajiri. Shuka langu ulilipeleka wapi?" Nikamwambia liko chini ya kitanda. "Basi baki nalo wewe," akasema, akanifuta kamasi kwa kiganja chake, akarudi kwa watu, maana lisilo budi hutendwa. Jioni gari likaondoka naye.

Siku hizi ninaishi Rau, mjini, na viraka ni sehemu ya kazi yangu. Wasichana ninaoshona nao hawachori kwenye ngazi. Wanapata michoro kwenye simu, wanaichapisha dukani, na picha ikitakiwa kugeuzwa wanabonyeza kidole mara moja, imegeuka. Nikiwaeleza jinsi tulivyobandika karatasi kwenye kioo cha dirisha wanacheka, na nawaacha wacheke, kwa sababu kazi yao ni safi kuliko ilivyokuwa yangu. Lami imefika Tarakea, na mtu anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Dada na mimi tunatumiana sauti kila asubuhi. Najua bei ya maharage kwao, najua ng'ombe gani anaumwa kwato. Amezeeka kidogo, anasema maneno ya Kirombo katikati ya sentensi bila kujua, na akisema "nyumbani" anamaanisha kwake. Kuna mambo aliyotabiri yule jirani ambayo yametokea kama alivyoyasema, na siwezi kudai vinginevyo.

Krismasi iliyopita tulikusanyika Uru kama kawaida, ukoo mzima. Felista alikuja na wajukuu wake. Watoto wa kaka zangu walimpa kiti cha mbele, wakamnawisha mikono, wakampelekea mtori wa ndizi kwenye sinia, nao wakamwita "shangazi wa Rombo". Siku ya tatu, baada ya chakula, nilikuwa nyuma ya jiko na rundo la masufuria ambayo hakuna kijana aliyetaka kuyaona. Nikamsikia anakuja, akikunja mikono ya gauni. Nikamwambia, bila kufikiri, "Kaa, dada. Wewe ni mgeni." Neno nililolikimbia tangu darasa la tano likanitoka kirahisi. Halafu akavuta kigoda, akaketi mbele ya sufuria kubwa kuliko yote, lile lililoungulia.

"Mgeni siku mbili," akasema. "Leo ya ngapi? Haya, nipe jembe langu."

Nikampa stilwaya, akaanza kusugua.