Siku Tulipochoma Makokoro

Siku tulipochoma makokoro ya kijiji chetu nilivaa shati la kanisani. Nalisema hili mapema kwa sababu bado linanitia aibu. Nilikuwa katibu wa kamati ya kulinda mwalo, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, na sifa za mwalo wetu zilikuwa zimeanza kusikika mpaka Musoma mjini. Nilitaka nionekane.

Kokoro ni wavu mrefu wa macho madogo. Mtumbwi unauzungusha ziwani, halafu watu walioko nchi kavu wanashika kamba mbili, moja kila upande, na kuuvuta taratibu hadi mchangani. Unakuja na kila kitu: sato wakubwa, sato wa ukubwa wa kidole, furu wale samaki wadogo wa ziwani, mayai, majani. Kwetu ilikuwepo desturi ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Yeyote aliyeshika kamba, hata kama alifika wavu umeshakaribia ufukwe, hakuondoka mikono mitupu. Hakuulizwa ni wa ukoo gani wala asubuhi alikuwa wapi. Mwenye wavu alimpa samaki wake palepale mchangani, naye akaenda zake. Wajane, wazee, mwanamke aliyekimbiwa na mume, wote hao waliishi kwa kamba.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, na mama akanisomesha mpaka kidato cha nne kwa kamba ile. Viganja vyake viliota sugu hata akawa anaepua sufuria jikoni bila kitambaa, na sisi wanawe tulimtania kwamba moto unamwogopa. Nilipochaguliwa katibu alifurahi kuliko mimi. Aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba mwanawe sasa anaandika mambo ya ziwa.

Na kweli nilikuwa naandika. Samaki walikuwa wanaisha, na hilo halikuhitaji mtaalamu. Sato niliowajua utotoni mmoja alitosha familia, mkia ukining'inia nje ya sinia. Sasa watu walivuta tangu alfajiri wakatoka na visamaki vya kukaanga kwa mkupuo kama bisi. Tuliitwa semina mjini, tukalala Mwisenge siku mbili, tukaonyeshwa picha za mazalia, yale maji ya kina kifupi penye matete ambako samaki hutaga, na jinsi kokoro linavyoyakwangua mpaka chini. Nilielewa yote. Nilirudi na faili kwapani na bidii ya mtu aliyeokoka juzi.

Tulikaa vikao vingi. Niliwaita wenye nyavu, wenye mitumbwi, mwenyekiti wa kijiji, mchungaji. Wenye nyavu waligoma, wakabembelezwa, wakagoma tena, mwishowe wakakubali kupewa muda wa kutafuta nyavu halali. Kila mmoja aliweka sahihi yake. Wavutaji hawakuitwa. Hawakumiliki wavu wala mtumbwi, kwa hiyo hawakuwa kwenye orodha yoyote, na mimi ni mtu wa karatasi. Karibu kila siku ya vikao hivyo mama alikula kwangu ugali wa muhogo jioni, na sikumwambia neno. Sikuwa namficha. Haikunijia tu kichwani kwamba jambo lile linamhusu. Nimejaribu sana kujitetea juu ya hilo na sijapata pa kushika.

Asubuhi ya kuchoma, wavutaji walikuja kama kawaida yao, khanga zimefungwa viunoni. Walikuta nyavu zimelundikwa na mtu anazimwagia petroli. Mama alinisogelea. Huniita baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake.

"Baba, leo hatuvuti?"

"Mama, kokoro limeisha. Ni kwa faida ya kijiji kizima."

Mwenyekiti aliniachia heshima ya kuwasha, nikawasha. Moshi wa nailoni ulipanda mweusi, watu wakapiga makofi, nami nikatoa hotuba fupi kuhusu wajukuu wetu. Mama alisimama mpaka nyavu zikayeyuka. Halafu alifungua khanga kiunoni, akajitanda begani, akaondoka na wenzake.

Jioni nilimpelekea sato wawili wazuri. Aliwatazama bila kuwapokea.

"Hii samaki ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Ya kwangu nilikuwaga naitoa kwa maji na mikono yangu. Hii ni ya kwako. Peleka kwa watoto wako."

Tangu siku hiyo hakula tena nyumbani kwangu. Kabla mwezi haujaisha alihamia kwa mdogo wake, mama yangu mdogo, Manyamanyama kule Bunda, akalima pamba na magoti yake yanayomuuma. Nilimfuata. Alinipa kigoda, akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza habari za safari na za watoto, kwa adabu anayopewa mgeni wa kanisa. Ningefurahi angenitukana. Nilimwomba arudi.

"Nikirudi nitakuwa mtu wa kulishwa," alisema. "Hapa nina jembe."

Nikarudi kijijini peke yangu, na huko nikakuta matunda ya kazi yangu. Wanakamati walikuwa wamekamata wanawake wawili kwenye matete wakivua kwa chandarua. Wote wawili ni wajane, wote walishika kamba moja na mama miaka na miaka. Njaa iliwasukuma kwenye mazalia yaleyale tuliyodai kuyalinda, na chandarua kina macho madogo kuliko kokoro lolote. Niliambiwa niandike barua ya kuwapeleka polisi. Nilikaa na kalamu mkononi mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Mmoja wa wale wanawake aliniogesha nilipokuwa mtoto. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya, na nilijichukia.

Barua sikuandika. Niliitisha mkutano wa kijiji na safari hii nikaenda nyumba kwa nyumba kuwaita wavutaji. Nilimpigia mama mdogo nikamwomba, tafadhali, aje na mama. Pendekezo langu lilikuwa kwamba wavutaji wawe walinzi wa mazalia, na kila mtumbwi unaoshusha mwaloni uwatolee samaki wao, kama kamba ilivyowatolea. Lakini nilitaka zaidi mama arudi nyumbani. Siwezi kusema uongo kwamba nililifikiria ziwa peke yake.

Alikuja. Nilimwekea kiti mbele, akapita akakaa chini na wenzake. Nilisimama nikaomba radhi mbele ya watu wote, kwake na kwa wenzake, bila kuzungusha. Kisha nikauliza mazalia yako wapi hasa, maana ramani ya semina ilionyesha sehemu mbili tu.

Mama akainuka kwa kushika bega la jirani yake. Alitaja sehemu saba. Alieleza kando ya jiwe lipi sato wanachimba viota, na ni miezi gani maji ya ghuba yetu yanajaa vifaranga. Wanakamati walishika kalamu. Nami niliandika, kisha nikaacha.

"Tulikuwaga tunavuta mayai," alisema. "Tunayaonaga kwenye mchanga, tunafukia na mguu, tunanyamaza. Samaki inaisha, sisi ndio wa kwanza kujua. Nani angetuuliza?"

Akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Baba, mlipochoma hamkutuuliza. Mngetuuliza, tungesema chomeni."

Nilibaki nimesimama mbele ya kijiji kizima sijui pa kuweka macho. Pendekezo lilipita baadaye, wajane wale wawili wakawa walinzi wa kwanza, na wanalinda mpaka leo kwa ukali ambao kamati haikuwahi kuwa nao. Mama hakusubiri kura. Alisema palizi ya pamba haijaisha, akapanda gari la Bunda mchana uleule, na mpaka naandika haya hajarudi.