Wavu wa Dirisha la Baba Mkwe

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mpangilio nisamehewe. Naandika kwa sababu ya jambo alilosema wifi yangu msibani, na mpaka leo sijui kama alinionea au alisema haki.

Mume wangu alipomaliza nyumba yetu hapa Kerende alinunua wavu wa madirisha, ule wa waya laini wa kijani. Ulibaki mwingi. Kipande kimoja nilikipigilia kwenye fremu ya mbao nikawa naanikia dagaa, kingine nikafanya chekeche la unga wa mtama, kingine kikaziba banda la vifaranga. Baba mkwe alikuwa na nyumba yake ya chumba kimoja upande wa pili wa uwanja, akawa anasema kwa sauti ili nisikie, "Mwanangu kaoa mvuvi. Kila kitu wavu." Wiki haikupita akataka na dirisha lake liwekewe. Mbu, alisema.

Wavu ule ndio ulitufanya tuongee. Kwetu Wakurya, angalau nilivyofundishwa na mama mkwe kabla hajafariki, mke wa mtoto haingii anakolala baba mkwe wala hakai naye uso kwa uso. Chakula nilikuwa naweka kwenye stuli nje ya mlango, nageuka, naondoka. Lakini wavu una tabia yake: ukiwa nje juani huoni ndani, unaona weusi tu. Nikawa nakaa chini ya dirisha nachambua mboga, yeye amekaa ndani kitandani kwake, tunaongea bila kuvunjiana heshima.

"Mama, jana ulinipikia ugali au tofali?"

"Ugali, baba. Labda meno ndiyo yamechoka."

"Meno yapo. Nayahesabu kila asubuhi."

Baba yangu mzazi hakuwahi kuongea na mimi hivyo.

Halafu miguu ikamvimba. Wifi akaja kutoka Nyanungu kumwogesha na kumlisha, akakaa miezi miwili. Nisiseme uongo, alimtunza vizuri. Kisha ikafika siku akaenda kwake mara moja kuona watoto wake. Aliniuliza kama nitaweza, nikasema nitaweza. Mume wangu alikuwa kazini, wanangu shuleni.

Saa nne asubuhi baba mkwe akaniita. "Mama, maji."

Nikaweka kikombe kwenye stuli kama kawaida, nikarudi dirishani. Nikasikia kitanda kinalia.

"Baba, umeyapata?"

"Miguu imekataa." Sauti ilikuwa ndogo, nikadhani ni udhaifu.

Mlango ulikuwa wazi. Hilo nalijua. Nilikwenda mpaka pale macho chini, mguu mmoja ukafika kizingitini, nikaurudisha. Nikachukua kikombe na kisu cha mboga, nikaenda kuukata wavu.

"Unaharibu wavu, mama?"

"Nitaushona, baba."

Nikapitisha mkono na kikombe, uso nimeugeuzia pembeni. Nikangoja mpaka mkono ukachoka na maji yakamwagika. Hakuna aliyekipokea.

"Kiweke tu," akasema.

Nikakiacha kwenye ukingo wa dirisha kwa ndani, nikakimbia kumtafuta mzee jirani yetu, maana yeye angeweza kuingia. Alikuwa shambani, nikamfuata huko huko. Tuliporudi aliingia peke yake. Alitoka ameshika kofia mkononi.

Msibani wifi alisema mbele ya wanawake wote, "Mlango wazi, mtu anakata dirisha. Angekuwa baba yake mzazi angeingia."

Mzee mmoja wa ukoo akanitetea, akasema nimelelewa vizuri. Kwa haki, wifi hakudanganya. Kwa baba yangu ningeingia. Na kwa haki tena, mganga wa zahanati alisema moyo ulikuwa umechoka, maji yasingemponya. Ila baba mkwe aliomba maji, hakuomba dawa.

Baada ya kuzika, wifi aliniambia nikusanye matandiko nikafue. Mwenyewe hayupo, hakuna tena wa kumwonea aibu. Ndipo nikaingia chumba kile kwa mara ya kwanza. Miaka yote nilijua kitanda kiko chini ya dirisha. Nilikikuta kando ya mlango, karibu kabisa na kizingiti. Ningesimama kizingitini, nikaangalia chini, nikanyoosha mkono tu, angekipokea kikombe.

Wifi alinikuta nimekaa sakafuni. Nikamwonyesha kwa kidole, kitanda, halafu mlango.

Kisha akakaa na yeye, akavuta shuka moja akaliweka mapajani.

"Nilikisogeza mimi," akasema, "apate hewa ya mlangoni. Sikukuambia. Sikufikiri kama hujui."