Tundu la Mama Timazi

Ukitaka kumuudhi Mama Timazi, mwambie kasoro ya ukuta "kwa mbali haionekani." Fundi mwashi yule aliwahi kubomoa ukuta wake mwenyewe, mzima, kwa kuwa ulipinda upana wa ukucha. Hakuachana na timazi yake, ule uzi wenye chuma kizito mwishoni, hata akienda msibani. Ndiyo maana watu wakampa jina hilo.

Na bado mwanamke huyo alikuwa na kosa moja, tena lilikuwa juu kabisa ya ghala la kiwanda cha unga, mahali ambapo kila mwenye macho aliliona. Waashi wakipandisha ukuta mrefu huacha matundu ya kuingizia miti ya jukwaa. Wakishuka huchomoa mti na kuziba tundu, mmoja baada ya mwingine. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, akifanya kazi chini ya baba yake, alishuka amesahau moja. Baba aliligundua jukwaa likiwa tayari chini.

"Binti yangu," mzee alisema, "umewajengea popo nyumba."

Mzee hakuisahau habari ile mpaka anaingia kaburini. Mgeni akija, hata chai hajaonja, ameshahadithiwa tundu. Mama Timazi aliona haya, tena haya ya kumfanya apite njia ya nyuma asilione ghala.

Popo hawakuja. Alikuja kozi mdogo, ndege mwindaji, yule wa mgongo mwekundu wenye madoa, anayepatikana nchi nyingi na kudharauliwa karibu zote. Kozi huyu hajui kujenga, wala hajisumbui kujifunza. Hukwangua vumbi kidogo kwa kifua, jike akataga mayai juu ya tofali tupu, akalalia mwezi mzima. Dume, mdogo kuliko mkewe, mwenye kichwa cha kijivu, ndiye anayekwenda kutafuta.

Na anavyotafuta! Siku ya kwanza alipomwona, Mama Timazi aliuacha udongo ukauka kwenye mwiko. Ndege alisimama hewani juu ya uwanja, akiukabili upepo, mabawa yakipiga, mkia umefunguka, na kichwa hakitikisiki hata kidogo, kama timazi iliyotulia. Kisha akadondoka kwenye nyasi na kuinuka na panya. Tangu siku hiyo aliacha njia ya nyuma. Miaka mingi sasa, msimu ukifika, alipita kuwahesabu makinda.

Basi mwaka huu kiwanda kikataka lipu mpya kwa ajili ya wageni wa Ijumaa, na kazi akapewa yeye. Alipanda jukwaa lake, akachungulia tunduni. Makinda manne, bado yana manyoya meupe ya utotoni, yalimfokea kwa midomo wazi. Aliwacheka kwa furaha. Wiki mbili hivi, wangeruka.

Msimamizi wa kiwanda, kijana wa viatu vinavyong'aa, aliita kutoka chini. "Mama, mbona hapo juu hujafika? Ziba hilo tundu, hao ndege wanachafua ukuta."

Mama Timazi alishuka. Chini ya ukuta aliokota kipira cha manyoya, kile ambacho kozi hukitapika akishashiba, akakivunja kiganjani mwa msimamizi. Vikatoka vifupa, fuvu dogo lenye meno, na mabawa ya mende.

"Huyu ni panya wa ghala lako. Kila siku ndege hawa wanakufanyia kazi, wewe unataka kuwazika wakiwa hai?"

"Mama, mimi nimeagizwa."

"Na mimi nimekataa. Nipe wiki mbili."

"Wageni ni Ijumaa! Nitaita fundi mwingine. Wewe utalala njaa."

"Kozi mwandada, kulala na njaa kupenda," alisema, maana mwindaji hodari akilala njaa ametaka mwenyewe, na akaanza kufungua kamba za jukwaa. Miti ilikuwa yake, aliirithi kwa baba. Aliiteremsha yote, akaipakia mkokotenini, ukuta ukabaki na lipu mpya chini na uchakavu juu kama mtu aliyevaa suruali mpya na shati la shambani.

Mafundi wawili waliitwa. Wa kwanza alitazama juu, akauliza ukuta ni wa nani. Alipoambiwa, akaaga. Kwa waashi, ukuta ulioanzwa na mwenzio hauugusi mpaka aseme mwenyewe. Wa pili hakungoja hata kuuliza; aliijua ile lipu kwa kuitazama tu. Ijumaa wageni waliupokea ukuta na shati lake la shambani, na msimamizi akapokea maneno.

Mama Timazi alikwenda kila siku akasimama ng'ambo ya barabara, hana kazi, hana ahadi ya kazi, amekunja mikono. Makinda matatu yaliruka kwa siku tatu. La nne, dogo, lilikaa ukingoni siku mbili likilalama. "Nenda, mwanangu, nimeshagombana kwa ajili yako," Mama Timazi alinong'ona. Likaenda. Lilipepesuka, likayumba, likashika upepo. Alilia waziwazi, barabarani, watu wakipita.

Kesho yake alirudi na mkokoteni. Akasimika jukwaa bila kuulizwa, akapiga lipu sehemu ya juu mpaka ukuta ukawa laini kama meza. Akashuka akichomoa miti yake na kuziba matundu, moja baada ya jingine.

Msimamizi alikuja, akainua macho. Kule juu, lile la zamani lilikuwa wazi, ukingo wake umesuguliwa vizuri kwa mwiko.

"Mama! Na lile?"

Mama Timazi alikunja uzi wa timazi, akautia mfukoni.

"Mwambie tajiri wako," alisema, "nimelisahau tena."