Paskalina na Shule ya Masista

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Nainokanoka, ukungu ulikuwa mzito hata sikuiona shule mpaka nilipofika mlangoni. Mwalimu Mkuu, mtu wa maneno machache, aliviangalia viatu vyangu vya mjini akacheka. "Usianze na ubao," akaniambia. "Anza na nani hayupo, na kwa nini." Kwa watoto wa wafugaji hiyo ilikuwa nusu ya ualimu, na nimelishika neno lake mpaka leo.

Baadaye nikahamishiwa Sale, kisha, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikapewa uratibu wa elimu Qurus. Mratibu Elimu Kata husimamia shule zote za msingi za kata yake. Ukubwa wangu wote ulikuwa baiskeli na matope. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mtoto akichaguliwa, yaani akipangiwa shule ya serikali baada ya darasa la saba, mzazi alichinja na majirani wakaja kula. Shule za binafsi zilihesabiwa kuwa za walioshindwa.

Paskalina wa Qurus alichaguliwa, na baba yake akachinja mbuzi. Msichana yule alimaliza hesabu kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Akapelekwa bweni, mbali, kwenye shule ya wasichana mamia. Muhula haujaisha, akarudishwa nyumbani. Bwaloni moyo ulimwenda mbio na mikono ikatetemeka. Akisimamishwa kujibu, sauti ilikatika. Majirani wakanong'ona habari za mapepo. Daktari alimpima akaniambia, "Mwili wake mzima. Ni wasiwasi uliopita kiasi. Mtafutieni mahali patulivu, lakini msimwachishe masomo."

Nikalipeleka jambo kwa Afisa Elimu wa Wilaya. "Akajifunze cherehani," alisema bila kuinua macho.

"Mzee, mtoto anaogopa bwalo, haogopi aljebra!"

Hasira ilinipanda, na hata sasa nikikumbuka inanipanda. Mtoto akiwa na hofu, wakubwa wetu walidhani na akili yake ni dhaifu.

Nikatafuta mwenyewe. Nje kidogo ya Karatu masista walikuwa na shule ndogo ya wasichana, yenye masomo makali kuliko shule nyingi za serikali. Sista Mkuu alinipa maswali ya hesabu nimpelekee Paskalina. Aliyafanya jikoni kwao, akakosa moja, akalilia hilo hilo moja. Sista alipoyaona alisema, "Aje. Hapa atajibu kwa kuandika mpaka siku atakayotaka kusema."

Nilirudi Qurus nikiendesha baiskeli kama kijana. Baba yake alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwalimu wangu, watu wamekula mbuzi kwa ajili ya shule ya serikali. Nikimpeleka kwa masista, watasema amefeli."

"Hajafeli, baba Paskalina. Anaumia."

"Atazoea."

Nilimwendea tena na tena, hata padri nikamtuma. Mzee yule alimpenda binti yake, sina shaka, lakini aliogopa midomo ya watu. Akamrudisha bweni. Haukupita muda akaletwa tena nyumbani, amekonda, na safari hii hakurudi shule yoyote. Sista alimtunzia kitanda muhula mzima, kisha akampa mwingine.

Nimestaafu sasa, na nawaona wazazi wakiuza ng'ombe ili watoto wapate shule za masista zile zile. Nafurahi kwa ajili ya watoto hao, lakini roho inaniuma.

Juzi nilimkuta Paskalina mnadani Karatu akiuza maharage, mama mtu mzima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

Tukaulizana habari za nyumbani. Kisha akauliza taratibu, "Ile shule ya masista, ilikuwaje? Mimi sikuiona."

Nikamweleza: madarasa madogo, wasichana wachache, maabara yenye madirisha mapana, na hesabu ngumu kila asubuhi. Alisikiliza huku mikono imezama ndani ya maharage, na mteja akisubiri.

"Ningeiweza, Mwalimu," akasema.

"Ungeiweza, mwanangu."

Akamgeukia mteja, akaanza kumpimia.