Kaburi Lake Umeliona?

Mwanangu, iko siku moja inayonirudia kila nnaposhika kalamu, na mkono hunisita kidogo kabla sijaandika. Ilikuwa miaka ya tisini, tukikaa mtaa wa Hamriya, Maskati, juu ya duka la vitambaa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nna shahada na sina kazi, na fikra zangu hazilali. Mtu akiniambia "hujambo," nilikwenda nayo nyumbani nikajiuliza alikusudia nini.

Nikapata kibarua. Ukumbi mmoja wa maonyesho uliletewa picha za magazeti ya zamani ya Ulaya, za miaka iliyofuata vita vikuu, nami nikatakiwa niandike maelezo yake kwa Kiarabu. Usidhani zilikuwa picha za mizinga. Zilikuwa za watu na siku zao: wanawake waliojifunga vitambaa vichwani wakipokezana ndoo za kifusi, foleni ya mkate kwenye theluji, nguo zimeanikwa baina ya kuta mbili, na baina ya kuta hizo hamna nyumba. Nakala zake nilizileta nyumbani, nikazipanga juu ya mkeka, nikawa naandika neno, nafuta, nalirudisha lile lile.

Moja ilinishinda. Ni stesheni ya treni, na wanaume waliokuwa mateka wanashuka na vifurushi vyao. Mama mmoja wa makamo amewakabili, kanyanyua juu picha ya kijana aliyevaa sare, anawaonyesha. Mwanamme aliye karibu naye anatazama viatu vyake. Nyuma ya nakala yangu hapakuwa na kitu ila jina la mji. Mkubwa wangu kazini alitaka kisa kiwe na mwisho. "Mtazamaji atauliza alirudi au hakurudi," alisema. Nikapima wee, nikaona miaka mingi imepita, nikaandika: "Mama wa marehemu akimtafuta mwanawe."

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa kando yangu akichagua mchele. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kike.

"Mke mwenzangu, hebu nisomee. Hao Wazungu wamepatwa na nini?"

Nikamsomea maelezo, nayageuza kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye neno lile, vidole vyake vikasimama ndani ya ungo.

"Marehemu? Nani kakwambia?"

"Bibi, miaka yote hiyo..."

"Kaburi lake umeliona?"

Nawe hutolielewa swali hilo mpaka nikwambie kuwa mume wa bibi yangu alichukuliwa nyumbani kwao Unguja, siku za machafuko, kikombe chake cha chai hakijapoa. Hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Bibi akaja Maskati na watoto, na kanzu za mumewe ndani ya sanduku. Hakukaa eda, kwani kukaa eda ni kukiri kuwa kafa. Kwa kadhi pia hakwenda kutaka ndoa ifunguliwe. Kila Idi alizitoa zile kanzu, akazifukiza udi, akazikunja tena. Majirani wakimcheka chini chini: "Ana mume wa hewani yule."

Baba alikuwa mlangoni, anavua viatu, na alisikia yote. Kwa muda mrefu alitaka kumsomea baba yake hitima, kisomo cha maiti, na kila akitaka Bibi hukataa. Akainama, akaiokota ile picha, akaitazama mpaka mimi nikaona haya.

"Mama," akasema, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto, "mimi nimwombee vipi baba? Nimwombee afya au nimwombee rehema? Nimeota mvi na bado sijui."

Bibi alitoa chuya moja, akaitupa, akatoa nyingine.

"Hujui, na mimi sijui," alisema mwisho. "Basi sema, Mola amfikie popote alipo. Dua haipotei njia. Lakini msimfishe kwa ulimi ili nyinyi mpumzike." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mke mwenzangu, mara hii ushachoka kumngoja mume wetu? Mvivu we!"

Alicheka peke yake.

Nililifuta neno. Nikaandika: "Mama anauliza." Mkubwa wangu alinuna, akasema maelezo hayajakamilika. Nikamwambia ni kweli, hayajakamilika. Yakatundikwa hivyo hivyo.

Bibi alikufa miaka michache baadaye, bado anangoja. Tulipolifungua sanduku, kanzu zilikatikia mikononi mwetu, kwenye mikunjo. Siku ya hitima yake mwalimu aliuliza majina ya marehemu wa ukoo apate kuwataja duani. Nilikuwa chumba cha wanawake, nikamsikia Baba akiyataja, jina baada ya jina, kisha akasita. Sasa hapakuwa tena na wa kumkataza.

"Na baba yangu," akasema. "Mola amfikie popote alipo."

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyinyi mnaletewa picha za vita asubuhi na jioni, na ni wepesi wa kusema huyu kafa, huyu kapona, huyu angelisahau. Mtu aliyesimama mbele ya kifusi ana neno ambalo bado hajalisema. Usimtangulie. Usimzikie mtu wake, wala usimfufulie kwa maneno matamu. Sema "sijui," kisha ukae naye. Mimi neno hilo linanielemea hadi leo, sikufichi. Lakini nnalibeba, nawe utalibeba.

Mola akupe kifua cha kukaa na swali lisilojibiwa. Akuepushe na kungoja kulikomla bibi yangu. Na siku utakapokuwa mbali, akatokea mtu anakuulizia njiani, Mola ajaalie yupo wa kumwambia: nimemwona, ni mzima.